Skuta Iliyochelewa Bandarini

Mshauri aliingia kliniki ya viungo akichechemea mguu wa kulia. Alipofika dirisha la mapokezi akakumbuka kwamba nyumbani alifanya mazoezi ya kuchechemea wa kushoto, akabadilisha. Alikuwa na fimbo ya kuazima, shati jeupe lililopigwa pasi na mke wake asiyejua linakwenda wapi, na uso wa mtu aliyeteseka kwa heshima zake zote.

"Shikamooni wazazi wangu," alisema kwa ile sauti yake nzito ya kubembeleza, mtaji pekee aliozaliwa nao. "Foleni inasogea kweli?"

Benchi zima likanyamaza. Watu kama wanane, kila mmoja na fimbo yake, wakamtazama, kisha wakatazamana. Mshauri akahesabu kuwa hiyo ni heshima. Ndiyo tabia yake: akinyamaziwa, hudhani amependwa.

"Marahaba, mwanangu," akajibu hatimaye mama mmoja mnene mwishoni mwa benchi, ambaye wenzake walimwita Shangazi. Halafu akamgeukia jirani yake na kuongea kwa sauti kubwa kuliko jirani anavyohitaji. "Nilikuwa nasemaje? Eh. Mwanangu kaniambia nichague skuta niitakayo, nisihangaike na bei, hilo ni lake yeye."

Masikio ya Mshauri yakasimama wima.

Inabidi tueleze kidogo, maana mtu mwenye akili timamu hawezi kwenda kuchechemea kliniki bila sababu. Mwaka uliopita Mshauri aliuza skuta kwa njia ya simu. Ni zile skuta za umeme zenye kiti, kikapu na magurudumu manne, za watu ambao miguu imewagomea. Alimlipa kijana wa matangazo abandike namba yake kwenye kuta za kliniki mji mzima. Watu wakapiga, wakatuma fedha, naye akawaambia kila wiki kwamba mzigo uko bandarini. Hakuwa amewahi kuiona skuta kwa macho yake. Wateja nao hawakuwahi kumwona yeye, kwa hiyo aliona wako sawasawa. Bandari ilipomchosha, akatupa laini ya simu na kuingia mitini.

Kisha naye akaingizwa mjini. Huko mnadani, bwana mmoja mwenye tai alimuuzia skuta halisi, "mpya kabisa, haijatumika hata siku moja." Bwana yule hakusema uongo. Skuta ilikaa stoo bila kutumika mpaka betri zikafa. Ukiichaji usiku kucha, ilitoka kwenye kochi ikafika kwenye jokofu, ikakata roho. Mshauri, bingwa wa kuwauzia wenzake mbuzi kwenye gunia, alikuwa amenunua gunia tupu kwa akiba yake yote. Siku alipogundua, alijifungia chooni akacheka peke yake, kile kicheko cha mtu asiyetaka kulia mbele ya watoto wake pacha.

Dude likabaki sebuleni, mahali ambapo mke wake alikuwa akisukia watu nywele. Viti viwili vikahamishiwa jikoni. Mteja mmoja akasukwa huku miguu yake imening'inia juu ya sufuria.

"Baba Pacha," mke wake alimwambia Jumapili jioni, kwa upole ule unaotisha. "Ijumaa. Nikilikuta bado lipo, mtaondoka wote wawili. Na wewe ndiye utakayelisukuma."

Mshauri alimfahamu mke wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatekeleza. Ndiyo maana Jumatatu asubuhi mwanaume alikuwa kwenye benchi, akijisogeza taratibu kuelekea kwa Shangazi.

"Samahani Shangazi, masikio hayana pazia. Nimesikia umetaja skuta?"

"Nimetaja."

"Basi Mungu ana makusudi yake. Mimi unayeniona, nilikuwa wa kubebwa. Nilikuwa nabebwa hadi bafuni! Nikapata skuta. Leo natembea."

"Skuta ndiyo iliyokuponya?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Ndiyo hiyo, Mjomba."

"Kwa kuikalia?"

"Kwa kuikalia kwa mpangilio."

Mzee Kofia akatikisa kichwa kwa uzito, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Wengine wakainamisha nyuso zao. Mama mmoja akashikwa na kikohozi cha ghafla.

"Na sasa umepona, unaiuza," alisema Shangazi.

"Naitafutia mtu wa kumsaidia. Hiyo si kuuza."

"Ina breki?"

"Za kisasa. Ukiachia mkono, inasimama yenyewe." Hata usipoachia ilisimama, lakini hakuulizwa hilo.

Shangazi akampa maelekezo ya nyumbani kwake. "Ila nikwambie mapema, mwanangu, mimi sichagui kwa rangi. Korido yangu ni nyembamba, lazima igeuke bila kunigongea ukuta. Kiti kisiwe kirefu, nikikaa miguu ifike chini. Na lazima inipandishe mlima hadi kwa mdogo wangu. Yeye amelala kitandani tangu mwaka juzi, mimi magoti haya. Tunaishi mji mmoja na tunaongea kwa simu kama wachumba. Skuta isiyonifikisha kwa mdogo wangu, kwangu hicho ni kiti tu, na viti ninavyo."

Aliyasema hayo bila mzaha wowote. Mshauri akajisikia vibaya kidogo, akadhani ni njaa.

Kesho yake aliipeleka skuta kwa gari la mizigo la rafiki yake, imechajiwa mpaka chaja ikanuka. Mpango ulikuwa mwepesi: aizungushe mara moja sebuleni, achukue malipo ya awali, ale kona. Ndani ya korido skuta iligeuka vizuri mno, kwa nafasi ndogo kabisa kati ya ukuta na kabati la vyombo, na Mshauri akaanza kujivunia kama aliyeiunda mwenyewe.

"Hebu nitoke nayo nje," alisema Shangazi, akajiweka kwenye kiti.

"Nje kuna jua, Shangazi."

"Nalijua jua, tumeishi nalo siku nyingi."

Skuta ikafika kizingitini, ikakohoa, ikazima. Magurudumu ya mbele yalikuwa nje, ya nyuma ndani.

"Imejizima kwa ajili ya usalama," alisema Mshauri bila kupepesa macho. "Imehisi hatari."

"Ina huruma kuliko wanangu," Shangazi alijibu, bado amekaa hapo mlangoni kama bibi harusi. "Sasa nisikilize. Mimi siko peke yangu. Wale wote uliowaona kwenye benchi wanataka skuta. Wameniambia, Shangazi, chagua wewe, ukiridhika na sisi tunachukua kwa huyo huyo. Ikinipandisha kwa mdogo wangu, nakuletea wote. Isiponipandisha, ndiyo hivyo tena."

Wote! Mshauri akaanza kupiga hesabu. Alijiona akiagiza skuta za mnadani kwa jumla, akizitia rangi, akizigawa. Alijiona na tai.

"Ni betri tu," alisema. "Ni za majaribio hizi. Nabadilisha."

"Nina fundi mzuri, nitampa namba yako akufuate nyumbani."

Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo wenzake wa kazi wangemcheka mpaka leo: Mshauri aliuza televisheni yake ili mteja apate betri mpya. Akili yake moja ilimwambia, wewe mwanaume, umeanza lini kutoa? Akili ya pili ikamjibu kwamba huo ni uwekezaji, na ya pili ndiyo iliyokuwa na maneno matamu. Alizoea kuwasikia watu wakijidanganya hivyo upande wa pili wa simu. Hakujua kwamba ukiwa ndani ya uongo huo, unafanana sana na akili.

Fundi alikuja mara tatu. Alibadilisha betri, akasema tairi zimepasuka kwa kukaa. Mshauri akauza suti. Shangazi akapiga simu kuuliza kama kiti kinaweza kushushwa kidogo, na kama kikapu kinaweza kubeba kapu la matunda ya mgonjwa. Kiti kikashushwa, kikapu kikafungwa kingine. Usiku Mshauri alijikuta akiifuta skuta vumbi kwa kitambaa cha mke wake, akijaribu usukani, akipiga honi polepole asiwaamshe pacha.

"Unaumwa?" mke wake alimuuliza.

"Niko kazini."

"Ndiyo maana nauliza."

Alhamisi asubuhi Shangazi alipanda skuta mbele ya nyumba yake, akafunga kilemba vizuri, akashika usukani. Skuta ikanguruma kidogo, ikatoka. Ilipita dukani, ikapita kwa muuza dawa, ikaukabili mlima bila hata kupunguza mwendo. Mshauri alikimbia nyuma yake na fimbo begani, kwa kuwa alishasahau kwamba ni mgonjwa. "Vuta, mama, vuta!" alikuwa akiiambia skuta, na jasho likimtoka. Alikuwa hajawahi kukitamani kitu kifanye kazi kiasi hicho.

Mdogo wake Shangazi alikuwa ameegemezwa kwenye mito karibu na dirisha, mwembamba, macho makubwa. Shangazi aliiingiza skuta hadi kando ya kitanda, akaachia mkono, ikasimama. Waligusana nyuso kwa viganja, kama watu wanaohakikisha, kisha wakaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, wakiulizana, "Mbona umezeeka hivyo?" na "Wewe je?" Mshauri akageukia ukuta. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hilo lilimkera, kwani siku ya malipo si siku ya kulia.

Alipojifuta uso na kugeuka tena, aliona kwamba chumba kilikuwa na watu. Mzee Kofia, mama wa kikohozi, benchi lote la kliniki lilikuwa limekaa kwenye viti kuzunguka kuta, fimbo mapajani. Walikuwa wamechanga nauli ya teksi, wakatangulia. Roho yake ikatulia. Wateja!

"Wazazi wangu, mmejionea," alisema, sauti ikarudi kwenye unene wake. "Tuanze na Shangazi. Lile suala la mwanao, tulimalize."

"Mwanangu alishalipa," alisema Shangazi.

"Amemlipa nani?"

"Wewe. Mwaka jana, kwa simu. Ukamwambia iko bandarini."

Mshauri akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Nilikupigia mimi mwenyewe kila wiki," Shangazi aliendelea, bila hasira. "Sura yako hatukuijua. Tulikuwa na sauti yako tu, na tuliisikiliza mno. Siku ile kliniki uliposema shikamooni, wote tulitaka kuinuka tukukamate. Kilichotushinda ni magoti."

"Yangu ulisema ni nyekundu," alisema Mzee Kofia.

"Yangu ilikuwa kwenye kontena la mwisho," alisema mama wa kikohozi. "Nimekuwa nikiuliza kontena hilo lina urefu gani."

Mshauri akautazama mlango.

"Uko wazi," alisema Shangazi. "Kukimbia unaruhusiwa, hapa hakuna wa kukufukuza. Ila fundi wa betri ni mkwe wangu, nyumbani kwako anapajua. Anasema mkeo anasuka vizuri sana. Binti yangu ameshapanga kwenda Jumamosi, watapata muda wa kuzungumza."

Mshauri alikaa chini, palepale sakafuni, kwa sababu viti vyote vilikuwa na wenyewe. Alitafuta ndani yake ile hasira ya mtu aliyepigwa changa la macho, akakuta kicheko, kile kile cha chooni. Televisheni, suti, mlima mzima mbio: alikuwa amejitapeli kwa mkono wake, na kazi ameifanya vizuri.

"Msimtishe," mgonjwa alisema kutoka kwenye mito, mkono wake bado ndani ya mkono wa dada yake. "Amemleta dada yangu. Kijana, umetengeneza kitu kizuri. Watengenezee na hawa vivyo hivyo."

"Moja moja," alisema Mzee Kofia. "Hatuna haraka. Kungoja ulishatufundisha."

Simu ikalia mfukoni mwa Mshauri. Ni mke wake. Alikuwa na furaha ambayo Mshauri hakuwa ameisikia kwake kwa siku nyingi: amekuta dude halipo, amefagia, amerudisha viti sebuleni, na tayari kuna wateja wawili.

"Asante, mume wangu," alisema. "Nilijua ukiamua unaweza."

Mshauri aliwatazama wale wazee mmoja baada ya mwingine, nao wakamtazama, wamekaa vizuri, wanangoja.

"Mama Pacha," alisema kwa sauti ndogo sana, "hivyo viti, virudishe jikoni."