Tabasamu Langu Matangani

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Mke wangu Kadii hajarudi. Yuko kwao Ganda tangu masika. Eti amechoka na kununa kwangu, eti kuishi nami ni kama kuishi na maiti isiyozikwa. Maiti! Mimi!

Leo nikifagia mbele ya hoteli, hapa Watamu, nimemwona mama wa Kijerumani akifundisha wenzake yoga. Wamekunja miguu, wamefumba macho, wanatabasamu bila sababu. Lewa, mhudumu wa baa, ajuaye lugha yao, akanifasiria: uso ukitabasamu, moyo hufuata wenyewe. Basi Kadii nimempata.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejaribu nyuma ya stoo. Magoti moto. Tabasamu likagoma, nikalishikilia kwa vidole. Kisha, ajabu, kifua kikawa chepesi! Nikamsalimia hata Lewa, ambaye simpendi. Kwao ni Ganda, na kila akienda hupita kwa wakwe zangu kumchungulia Kadii. Akaniuliza kama naumwa jino. Wivu tu. Jumapili namfuata mke wangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba mkwe, mzee Jaha, amefariki. Homa ya ghafla. Nimelia sana. Alinikubali nikiwa sina mbele wala nyuma, na pale kwao hakuna mwingine aliyenisemea vizuri.

Nimewaza pia kwamba matangani Kadii hawezi kunifukuza. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumezika. Nimekaa mkekani na wanaume, nikimlilia mzee. Nikakumbuka: Kadii asinione nimenuna. Nikakunja miguu, nikafumba macho, nikatabasamu. Likafanya kazi! Nikawa mwepesi, nikasahau nilipo.

Nilipofumbua macho, kilio kilikuwa kimekatika. Wote wananitazama. Mzee Garama, nduguye marehemu, akauliza taratibu ni jambo gani limenifurahisha mbele ya kaburi bichi. Mwingine akasema anayecheka hivyo anajua marehemu aliuawa na nini. Nikaeleza habari za yoga na yule Mjerumani. Nikamwita Lewa, aliyekuja naye kuzika, awe shahidi. Lewa akasema hana habari.

Wazee wakaamua nile papai la kiapo. Mchawi humkwama kooni, akavimba.

Kadii akanisogelea. Hakulia.

"Baba aliniambia nirudi kwako, Tsuma. Nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga."

Jumatatu, 11 Agosti

Jana nilikula papai kwa mganga, wazee wakinikodolea macho shingoni. Limeteremka. Sina hatia! Mzee Garama akanipa mkono, bila kunitazama.

Nikamwambia Kadii twende nyumbani. Amekataa. Anasema akifumba macho haoni uso wa babake, anaona meno yangu. Nguo amezifungua.

Nimelia njia nzima mpaka Watamu. Nyumba kimya, jiko baridi. Sijapata kuwa mpweke hivi.

Lakini nimetafakari, na kosa nimelijua. Tabasamu lilikuwa dogo mno, ndiyo maana likaonekana la siri. Ijumaa wanamaliza matanga. Nitakaa mbele kabisa, Kadii anione vizuri, na safari hii nitacheka kwa sauti.