Mahali Salama pa Ufunguo

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nakuomba radhi, daftari, kwa ukimya wa miezi mitatu. Si uvivu. Daftari lililokutangulia limo ndani ya kabati la bunduki. Ufunguo wa kabati niliuficha mahali salama sana, na mahali hapo nilipaandika kwa makini katika daftari hilo. Kisha nikalitia kabatini, nikausukuma mlango. Mlango huo hujifunga wenyewe.

Ningeendelea kusubiri kumbukumbu inirudie, lakini leo imefika barua. Ijumaa afisa wa silaha atakuja kuikagua bunduki ya marehemu baba. Nisipoionyesha, kibali kinafutwa. Miaka arobaini ya ualimu, sikushindwa ukaguzi hata mmoja!

Mchana alipita shemeji, mdogo wake mke wangu. Naye ana bunduki. Ufunguo wake huuvaa shingoni kama filimbi ya refa. Amelalamika kwamba saa ya ukutani tuliyompa alipohamia nyumba mpya haijapiga hata mara moja. Uongo. Niliibeba mwenyewe mapajani njia nzima. Nimemjibu kwamba saa nzuri haimvumilii mtu asiye na utaratibu.

Jumanne, tarehe 4

Nimekusanya funguo zote za nyumba. Thelathini na moja! Mmoja ni wa baiskeli iliyouzwa kabla sijaoa. Ajabu: ufunguo wa stoo uliingia, ukazunguka robo. Ni kitu gani kilichouzuia? Nikalala sakafuni na tochi, nikachungulia tunduni. Mna kitu kama ulimi mdogo, kinapanda na kushuka. Sikujua kwamba kufuli lina mambo mengi hivi. Chakula kilipoa nikiwa bado nachungulia.

Kisha nikaongeza nguvu kidogo. Nusu ya ufunguo wa stoo sasa imo tunduni. Mke wangu ameuliza sukari ataitoaje stoo. Swali la haki.

Jumatano, tarehe 5

Leo, uchunguzi wa kitaalamu. Je, mkono una kumbukumbu yake? Nimevaa nguo zilezile za siku ile, nikasimama kando ya kabati, nikafumba macho, nikauacha mkono uniongoze. Umenipeleka sebuleni, ukanyooka kuelekea ukuta ambao hauna kitu ila msumari. Nikautazama msumari huo kwa muda mrefu. Hakuna nilichokumbuka. Mke wangu akaja na ndoo, akaniambia nimpishe apige deki. Mkono umechoka, nadhani.

Alhamisi, tarehe 6

Fundi wa kufuli amekuja. Amelisifu kabati, akauliza ni nani aliyevunja ufunguo humu. Nikasema jambo hilo halijulikani. Aliposikia kwamba ndani mna bunduki, akaufunga mkoba wake.

“Mzee, mimi kabati la bunduki silifungui bila askari kusimama hapa. Nina watoto.”

Nikamweleza kwa upole kwamba ni heri askari wasijue. Akarudi nyuma hatua mbili.

Basi nimempigia simu afisa ili nimwambie ukweli. Niliufupisha. Nilisema kabati lina hitilafu.

Ijumaa, tarehe 7

Afisa amefika saa nne kamili, mwanamke mwenye viatu vinavyong'aa. Fundi naye akafika. Na shemeji, ambaye hakuna aliyemwita.

Fundi akalikata kufuli. Cheche! Nilisogea nione zaidi, nikavutwa shati. Mlango ukafunguka. Bunduki ipo, namba zinalingana. Nikamtupia shemeji jicho.

Ndipo afisa alipoliona daftari. Akalifungua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti kwamba ufunguo umo ndani ya saa ya ukutani, nyuma ya mtambo.

Shemeji akauliza ni saa ipi. Nikaukumbuka ule msumari wa sebuleni. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

“Kwa hiyo, Mwalimu,” afisa akasema, “ufunguo wa bunduki umekaa miezi mitatu nyumbani kwa mtu mwingine?”

“Na saa yangu imesimama miezi mitatu,” shemeji akasema. “Hilo nalo liandike, mama.”

Bunduki imeondoka na afisa. Kibali changu kitajadiliwa. Uamuzi utatolewa baada ya wiki mbili.

Jumamosi, tarehe 8

Fundi ameweka kufuli jipya, lenye ufunguo mmoja tu kwa sasa. Kabati ni tupu, lakini utaratibu ni utaratibu. Mke wangu ameshauri niuvae shingoni kama nduguye. Abadani!

Nimeuficha ndani ya sanduku la cherehani yake, chini ya vitambaa. Anasema Jumatatu cherehani inakwenda kwa fundi, lakini amekuwa akisema hivyo tangu mwaka jana. Nimepaandika hapa nisije nikasahau.

Jambo moja limebaki. Asubuhi nimemkuta shemeji akilipapasa daftari hili mezani. Haliwezi tena kukaa ovyo. Nalitia kabatini sasa hivi; mlango uko wazi, ni kuusukuma tu.

Uamuzi ukitoka, nitaandika.