Yah: Ombi la Kurudishiwa Moshi Jikoni Kwangu

Iyula, Mbozi

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Ufundi,

Salaam, na pole na majukumu. Mimi ni Rubeni Nzunda, mkulima wa kahawa. Wanafunzi wako wa uhandisi walinijengea mtambo wa gesi ya samadi kama sehemu ya masomo yao. Mtambo unawaka vizuri, na hilo ndilo lalamiko langu. Kwa heshima zote, naomba mje muung'oe.

1. Walipofika hawakuniuliza mimi, mwenye ng'ombe. Walimuuliza mke wangu, Atuganile, anapikaje na anaumia wapi, kisha wakajenga jiko kwa kimo chake. Nilipojaribu kuchemsha chai nikaumia mgongo, na hakuna aliyenipa pole.

2. Shimo la kwanza lilijaa maji. Nikasubiri kwa hamu waadhibiwe. Mwalimu wao akafurahi, akasema hapo ndipo somo linapoanza, wakachimba jingine upande wa juu. Sisi tulichapwa kwa kukosea kujumlisha tu. Chuo kinachodekeza makosa hivi kinatupeleka wapi?

3. Kiongozi wao, Zakia, binti wa msafirishaji wa Tunduma, alikoroga samadi kwa mikono yake huku akitueleza uendelevu. Ni neno zuri, lakini lingebaki kwenye karatasi. Sasa tope linalotoka mtamboni mke wangu analimwaga kwenye mibuni yake, nayo imenawiri kuliko yangu ninayoiwekea mbolea ya dukani. Wapita njia wanasimama kulinganisha.

4. Zamani nilijua ugali unakaribia kuiva kwa kumsikia Atuganile akikohoa. Siku hizi jikoni kimya, chakula kinanikuta sijanawa.

5. Hili ndilo limenikalisha niandike. Kijana wetu Osea anaoa binti wa kijiji cha Ndalambo, na ng'ombe wa mahari wanasubiriwa. Mke wangu, kwa hofu ya moto kuzimika, aliwatamkia wakwe kwamba ng'ombe waende ila samadi yao irudi kwetu kila wiki. Mshenga aliinuka akatafuta kofia yake. Mpaka leo mazungumzo yamesimama.

Kwa hiyo wanafunzi warudi ubaoni. Wachore mitambo mizuri isiyowaka, wapewe alama, waende makwao. Mhandisi aliyefundishwa kwa utaratibu hamsumbui mtu yeyote.

Nisalimie walimu, wapishi na walinzi wa getini, bila kumsahau Zakia, ambaye mke wangu anamtumia maparachichi.

Ni mimi, mlalamikaji asiye na kinyongo,
Rubeni Nzunda

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua. Leo kanisani Atuganile amesimama na kwaya, akaimba mwanzo hadi mwisho. Aliacha tangu Osea anatambaa, kifua kilipomkatalia. Nimelia mbele ya watu, na sikuwa na moshi wa kusingizia. Msiung'oe. Wakwe nitawaeleza mwenyewe.