Lenzi Ndefu Kuliko ya Tripodi

Jumatatu, 4 Agosti

Mama mkwe kastaafu uuguzi. Jumamosi watoto wake wote sita wanakuja, na waume, na wake, na wajukuu. Miaka kumi na mmoja hawajakaa chumba kimoja! Anataka picha moja tu: watu thelathini na wanne, sebuleni kwake, chini ya saa ya ukutani aliyozawadiwa na wenzake wa wodini. Jumapili wanatawanyika tena.

Kazi nimepewa mimi. Mke wangu kanikumbusha picha ya harusi yetu, niliyoitegea kamera mwenyewe, ambayo mama yake hana kichwa. Kasema safari hii nikiharibu nisirudi nyumbani, na kazi zote za ukoo atapewa Tripodi. Tripodi ana studio jirani na yangu. Mrefu, mwembamba kama ile stendi ya kamera aliyopewa jina lake, anaringa. Simpendi.

Jumanne, 5 Agosti

Tripodi alipotoka kunywa chai niliipima lenzi yake kwa rula. Sentimita kumi na nne! Yangu, iliyokuja na kamera, saba. Kumbe siri yake ndiyo hiyo.

Mbio kwa dada muuza kamera. Akaniuliza napiga picha za nini. Nikasema, za kila kitu. Akaniwekea mezani lenzi ya kuvuta, milimita 18 hadi 135. Akanieleza taratibu: namba ndogo inaingiza chumba kizima, namba kubwa inavuta cha mbali kiwe karibu, mtu wa lenzi moja, hiyo inamtosha nyumbani, shereheni na safarini. Nikaishika. Fupi kama kikombe! Nikataka ndefu kuliko zote dukani. Akashusha pumzi, akaleta ya 70 hadi 300. Sentimita kumi na tano na nusu! Nikampa lenzi yangu ya zamani pamoja na flashi, tukabadilishana. Aliniuliza mara mbili kama sebule ya mama mkwe ni kubwa. Nikamwambia ni nzuri sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesimama dirishani nikapiga kalenda iliyo ukutani kwa jirani, ng'ambo ya uwanja. Tarehe zinasomeka! Kisha nimepita mbele ya studio ya Tripodi mara nne, lenzi nimeivuta hadi mwisho. Mara ya tano kaniuliza kama nimepoteza kitu. Wivu huo.

Mke wangu kauliza kama nimeijaribu ndani ya nyumba. Nimemwambia wataalamu hawana haja.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kukumbuka. Naandika tu.

Saa tisa wote wamejipanga. Nikainua kamera. Nikaona sikio. Sikio la shemeji mkubwa, zima, hadi kinyweleo cha mwisho. Nikarudi nyuma. Masikio mawili. Nikagota ukutani. Nikatangaza kwamba mwanga wa sebuleni haufai, wote wahamie kibarazani. Mama mkwe akaing'oa saa ukutani kwa mikono yake, akaipakata, akatoka nayo bila kunitazama.

Uani napo padogo. Nikapita getini kinyumenyume. Kila hatua mbili napata shemeji mmoja. Mama mkwe akauliza kwa sauti kama napiga picha au naaga. Mke wangu akaanza kutafuta namba ya Tripodi kwenye simu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikavuka barabara. Nikaingia kwa fundi cherehani. Nikapiga, likapita lori. Nikapiga tena na tena, kila mara lori jingine! Bado shangazi wa pembeni alikuwa nje ya picha. Nikarudi hatua moja ya mwisho, nikakaa chubwi ndani ya beseni la vitambaa alivyoloweka fundi. Kamera juu, miguu juu. Kidole kikabonyeza chenyewe.

Nimelala kwa Tripodi. Nilimwambia ni mambo ya kikazi.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nimezifungua picha. Kumi na moja ni malori. Ya kumi na mbili, wote wamo! Vichwa thelathini na vinne, nimehesabu mara tatu. Wanacheka, hadi shangazi. Mama mkwe kakumbatia saa yake, meno yote nje.

Nimempelekea kabla hawajaondoka. Kaitazama. Halafu machozi yakamtoka, akasema tangu baba yao afariki hajawaona wakicheka pamoja. Mke wangu kanishika mkono, kaniambia twende nyumbani. Afadhali! Afadhali jamani! Nimekula mara mbili na nimelala mchana kutwa.

Jumanne, 12 Agosti

Tripodi kauliza niliwachekeshaje. Nimemwambia ni lenzi.

Yule dada wa duka kapiga simu. Fundi kamsimulia yote. Yuko tayari nirudishe hii, anipe ile ya 18 hadi 135. Nimemhurumia. Nimemuuliza kama anayo ya 600. Anaagiza.

Leo wateja wawili wa picha za pasipoti. Wanakaa studio, mlango wazi. Mimi nasimama kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara, napaza sauti wainue kidevu. Matokeo safi kabisa, ukiondoa baiskeli. Ya 600 ikifika nitamwomba kinyozi atoboe ukuta wa nyuma.