Pete ya Patriki na Sheria ya Ng'ombe

Kwa Mama Rogathe hapa Katesh, chai ya maziwa hainyweki kimya. Juzi redio ilitangaza kwamba huko Ulaya mtu kampeleka mchumba wake mahakamani, anadai pete baada ya uchumba kuvunjika. Redio haijamaliza, Wakili keshatoa hukumu. Huyu Wakili hajasoma sheria. Aliwahi kuwa shahidi mara moja tu, kesi ya mbuzi, na tangu hapo hatupumui.

"Pete ni zawadi," alisema. "Zawadi hairudi."

Patriki akaweka kikombe chini. Yeye ndiye aliyemwacha mchumba wake, Zita, na Jumamosi anamvisha pete Letisia wa Masakta mbele ya kanisa zima. Pete anayoitegemea ni ileile iliyoko kwa Zita. Jamani, kuna watu hawana haya.

"Hairudi vipi? Letisia nimvishe nini, kifuniko cha soda?"

Ubishi ukaanza. Wakili akataja vifungu, vyote vya kujitungia. Hermani fundi baiskeli akasema aliyevunja uchumba ndiye apoteze. Tukamgeukia Mzee Gidabuday, mfugaji wa Hirbadaw, ambaye kwake kila jambo duniani lina mkia na pembe.

"Ng'ombe ukimpa mwenzako akuchungie," alisema taratibu, "maziwa anakunywa yeye. Lakini ng'ombe ni wako. Siku ukimtaka, anarudi. Huyo binti ameshakunywa maziwa, amependeza na pete mwaka mzima. Airudishe."

Patriki akamwagizia mzee chai ya pili na maandazi, kisha akamtuma Hermani amwite Zita, anayeuza vitunguu hapo sokoni. Zita alipoambiwa anaitiwa nini, alipitia kwanza nyumbani. Akaja, akampa mzee shikamoo, akasikiliza hukumu mpaka mwisho bila kubisha. Mimi nilimhurumia.

"Nimekubali, mzee. Naomba kuuliza tu. Ng'ombe akifia kwa mchungaji je?"

"Anampelekea mwenye ng'ombe ngozi, ajue kwamba hakuuzwa."

Zita akafungua mkoba, akatoa kiboksi chekundu cha pete, akakiweka mbele ya Patriki. Kilikuwa kitupu.

"Ngozi ndiyo hiyo. Alikufa mwezi wa tatu, nikiwa nafua."

"Ugonjwa gani?" mzee akauliza.

"Kutu."

Patriki, aliyewaapia wazazi wa Zita kwamba ni dhahabu ya Arusha, akaanza kusoma maandishi ya pakiti ya majani ya chai. Mzee Gidabuday akachukua fimbo yake, akasimama.

"Kijana, Jumamosi peleka ng'ombe. Yeye akifa, tunakula."