Jimu Mbili na Mshono Mmoja

Soko huria lilipofika Bariadi lilileta kila kitu: sabuni za rangi, redio za kaseti, wanunuzi binafsi wa pamba, na Novatus. Wenzake walikuja na mitaji. Yeye alikuja na suruali moja na ulimi.

Asubuhi moja, akiwa kwa mama ntilie akimalizia chapati ya mtu mwingine, alimsikia Mzee Luhende wa Sapiwi akilalamika. Mzee huyo, mwenye ng'ombe wa kujaza bonde, alikuwa amepasuliwa henia Mwanza. Daktari kamwambia arudie mazoezi polepole, atafute mahali penye mtu anayejua kazi, asinyanyue kizito wala kukimbiza ng'ombe. Na mchungaji wake naye kakimbilia machimbo ya dhahabu.

"Sasa mazoezi hayo yanafanyiwa wapi?" aliuliza mzee. "Nizunguke nyumba yangu kama kuku?"

Novatus akaiacha chapati. Kijana huyu, jamani, alitoka Mwanza kwa kupitia dirishani, wateja wake wakigonga mlango. Alijiapiza hatarudi mpaka aingie kwa mlango uleule, mguuni kiatu kipya. Ng'ombe mmoja aliyenona angemrudisha kwa heshima. Mmoja tu, maana tamaa ni ya watu wasio na mipango.

Basi yeye na mwenzake Joakim wakalivamia ghala la pamba lililokuwa tupu, wakaligawa katikati kwa pazia la magunia. Mlango wa mbele wakaandika JIMU YA KISASA. Wa nyuma wakaandika SIMIYU JIMU, HATUNA MPINZANI.

"Mbili za nini?" aliuliza Joakim.

"Mtu akikuta jimu moja, anajiuliza aingie au asiingie. Akikuta mbili, anajiuliza aingie ipi."

Mzee Luhende alifika na mkewe Milembe, mama aliyekuwa akitazama kila kitu kama yuko mnadani.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu Novatus, na Kisukuma chake chote kikaishia hapo.

Milembe alikagua vyuma: ekseli ya mkokoteni, baiskeli isiyo na magurudumu juu ya matofali, na rundo la mawe ya mzani.

"Haya si mawe ya chama cha ushirika?"

"Yalikuwa, mayu. Yamebinafsishwa."

Mzee hakujali mawe. "Umeshawahi kumshika mtu mwenye mshono?"

"Baba, mimi mwenyewe nina mshono." Novatus akafunua shati. Kovu lile alilipata kwenye senyenge chini ya dirisha la Mwanza, lakini kovu halisemi.

Mzee akaliinamia. "Daktari wako alikuwa na haraka."

"Mwenye haraka nilikuwa mimi, baba," alisema Novatus, na huo ndio ukweli pekee aliousema mwaka ule.

Mzee na mkewe wakazunguka nyuma kuiona jimu ya pili. Joakim akawanong'oneza kwamba kule mbele kuna mzee alinyanyulishwa chuma mshono ukaachia. Wakarudi mbele. Novatus akashika kifua. "Nasikitika kusema, baba, lakini wale wa nyuma ni matapeli." Nyuma ya magunia mtu akakohoa. Mzee akarudi nyuma kuulizia hilo, akaja mbele kupeleka majibu, akaenda tena, mpaka shati likalowa jasho.

"Baba Salu," aliita Milembe, "umelizunguka ghala hili asubuhi nzima. Mshono vipi?"

"Hauumi," alisema mzee, akishangaa mwenyewe.

Milembe akamgeukia Novatus. "Tumechagua. Mwalimu wa mbele. Ila mazoezi yatakuwa nyumbani Sapiwi. Ada yako?"

"Ng'ombe mmoja, mayu."

"Sawa."

Hapo tapeli makini angeshtuka. Msukuma hakubali bei ya ng'ombe bila kubishana. Lakini Novatus alishaanza kuviona viatu.

Kule Sapiwi majirani waliitwa. Mzee alishika kamba mbele yao. "Tunakupa ng'ombe huyu ukae naye. Maziwa yako, samadi yako. Akizaa utatuambia. Akiugua utatuambia."

"Ndiyo, baba," aliitikia Novatus, moyoni akiwasifu watu wa shamba kwa maneno yao matamu ya kuagana.

Siku ya mnada alikuwa wa kwanza kufika. Mnunuzi akatazama sikio la ng'ombe lilivyokatwa.

"Huyu wa Luhende."

"Amenipa, mbele ya kijiji kizima."

"Maziwa yako, samadi yako?"

"Ee."

"Basi umepewa umtunzie, kijana. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa watu. Maziwa unakunywa wewe, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Ukimuuza umeiba. Ukimtelekeza, utawaeleza wale."

Wale walikuwa sungusungu, walinzi wa kijiji, wameketi na pinde zao wakitafuna miwa, wakimtazama Novatus bila haraka yoyote.

Alikimbilia ghalani kumtafuta Joakim. Milango yote miwili ilikuwa wazi, vyuma havipo. Jirani akasema yule bwana wa nyuma kauza jimu yake na ya mpinzani wake, kapanda gari la Mwanza.

Novatus akarudi Sapiwi na ng'ombe wake asiye wake. Mzee Luhende alikuwa anamsubiri zizini, fimbo mkononi.

"Umechelewa, mwalimu. Daktari kanikataza kukimbiza ng'ombe. Kwa hiyo wewe kimbiza, mimi nitembee nyuma polepole."

Mazoezi yakaenda hivyo. Novatus alikimbia na kundi zima, mzee akafuata taratibu akipiga mluzi, na kila wiki akanawiri. Viatu vya Novatus vikaisha, akachongewa katambuga mpya za tairi. Alipozivaa nusura alie.

"Mayu," aliuliza jioni moja, "mlijua tangu lini?"

"Ulipofunua shati," alisema Milembe, akimjazia maziwa. "Kovu la senyenge tunalijua. Ng'ombe wetu wanalo."

Mvua zilipoanza akatokea Ndalahwa, mzee wa Mwandoya, amepasuliwa kidole tumbo, anatembea kwa kujishika ubavu. Alikuwa na ng'ombe kwa kamba.

"Nimeulizia jimu kote," alisema. "Nimemwona Luhende alivyopona, nikachagua hii. Shika, mwalimu. Maziwa yako..."

"Na samadi," alimalizia Novatus, akapokea kamba.