Nerima Anatazama Nyuma

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Vita vimeanza. Hiram, jirani yangu wa mlango wa pili, amesimama leo kando ya gari langu, Starlet, akauliza binti yangu amekosa nini. Eti mbona nimemgeuza atazame nyuma kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Nikacheka. Kicheko cha uchungu.

Ukweli ni huu. Nerima ana miezi minane. Kiti chake cha gari tulipewa na Mama Falguni, mke wa Pradeep, mdosi wangu kazini, mwenye duka la vipuri, watoto wao walipokua. Mama Falguni alisema atazame nyuma mpaka afikishe mwaka mmoja na kilo tisa. Vyote viwili. Alirudia mara tatu, maana ananijua. Lakini Karanja wa Hiram ana miezi tisa tu na anatazama mbele, anapungia watu mkono kama mbunge! Na Jumamosi tunaenda Naivasha, kule Kihoto, kwa mama mkwe. Nerima aingie kwa nyanya yake kinyumenyume? Haiwezekani.

Jumanne, 7 Agosti

Nimetaka kujua mtoto huona nini huko nyuma. Saa ya chakula nimemwomba Sachin, mpwa wa mdosi, anizungushe mjini na gari langu. Mimi nikapiga magoti kwenye kiti cha nyuma, uso kwa buti la gari. Naona nini? Kitambaa. Kioo. Mawingu. Dereva wa lori anayenishangaa. Kufika raundabauti ya pili, maharagwe yote yakarudi. Sachin alicheka mpaka akasimamisha gari.

Ajabu ni kwamba Nerima hajatapika hata siku moja. Anayachekea tu hayo mawingu. Nikamuuliza Sachin mateso haya ni ya nini. Akasema kichwa cha mtoto ni kizito na shingo bado laini. Gari likisimama ghafla, anayetazama mbele kichwa kinarushwa. Anayetazama nyuma, kiti kinampokea mgongo wote. Nimelifikiria jambo hilo dakika nzima. Lina maana. Lakini Sachin hana mtoto.

Alhamisi, 9 Agosti

Kilo! Tangu juzi namlisha Nerima uji, parachichi, uji, ndizi, uji. Leo nimempeleka sokoni kwa Mugure muuza viazi, nikamwomba anipimie. Akanishangaa, lakini akamfunga kwa leso akamtundika kwenye ndoano. Kilo tisa na nusu! Nikaruka. Wateja wakapiga makofi. Mugure akauliza kama naongeza na vitunguu.

Nasimiyu, mke wangu, hakuruka. Akanikumbusha kwamba ni mimi ninayegombana na Mugure kila wiki, nikisema mizani yake inadanganya. Kweli. Lakini hapo nilikuwa nanunua. Akambeba mtoto mpaka kliniki. Sista Chepngeno akamvua mpaka nepi: kilo nane na nukta moja. Na akasema hata angekuwa na kumi, mwaka haujafika. Nasimiyu amerudi akaiweka ile kadi ya kliniki kando ya ugali wangu. Nimekula bila kuitazama.

Jumamosi, 11 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi. Nasimiyu yuko bafuni. Nimegeuza kiti. Mbele! Nikaenda kunyoa ndevu nikipiga mluzi. Nilipotoka, Nasimiyu alikuwa ameshaketi nyuma na mtoto, mikanda imefungwa. Sikutazama, nilikuwa na kazi ya kupiga honi ili Hiram atoke. Akatoka na mswaki mdomoni, akachungulia ndani, akacheka mpaka povu likamwagika. Wivu, nikajiambia.

Karibu na Gilgil, punda! Punda wawili na mkokoteni wa maji, katikati ya barabara. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Chupa ya chai ikanipita sikioni, ikagonga dashibodi. Mikate tuliyombebea mama mkwe ikafuata. Tukasimama shubiri moja kutoka kwa punda. Hapo nikawaza kile kichwa. Ile shingo. Mkono wangu uliogeuza kiti. Sikuweza kugeuka. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe.

Mwishowe nikageuka. Nikaona mgongo wa kiti. Nikainuka, nikachungulia: Nerima amelala, mate yanamtoka. Nasimiyu akasema alikirudisha kiti nyuma nilipokuwa nanyoa. Nilishuka nikalia pale kando ya barabara, punda wakinitazama. Mwenye punda akanipa pole.

Jumapili, 12 Agosti

Nimeapa. Nerima hatageuzwa kabla ya mwaka, hata Hiram acheke mpaka apasuke. Kanisani nimetoa ushuhuda kuhusu baba mwangalifu na kiti cha mtoto. Wamepiga makofi. Nasimiyu alikohoa tu.

Jioni Hiram mwenyewe amekuja, mpole kabisa. Amesikia habari ya punda. Ameniomba nimwonyeshe jinsi ya kumgeuza Karanja atazame nyuma. Nikamwonyesha. Niliona raha, sitaki kudanganya. Ndipo akasema, akifuta mikono, kwamba si mbaya, Karanja atafikisha mwaka Novemba na atarudi mbele. Nerima wangu atangoja mpaka Desemba.

Mwezi mzima! Hiram apite hapa mwezi mzima na mtoto anayetazama mbele, na wangu bado anahesabu mawingu!

Nimekaa nikafikiria. Mwaka ni mwaka, siwezi kucheza na shingo ya mtoto tena. Nimekoma. Lakini nimekumbuka kitu: hatujachukua cheti cha kuzaliwa. Karani ataandika tarehe yoyote ya kuzaliwa nitakayomtajia, na baba wa mtoto ni mimi. Kesho nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Ikifika saa nne asubuhi, Nerima ana mwaka mmoja.